Tiki-tiki kutoka Doma hadi Kitonga

Tulitoka Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, mimi na mjomba, ndani ya Land Rover Series III ya marehemu baba. Ni ile ya petroli, injini ya lita mbili na robo, na tulikuwa tunairudisha Iringa kwa mama. Siku moja kabla niliipeleka gereji ikabadilishwa oili na kupimwa tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka, mkono wa chuma unaoibonyeza valvu ifunguke. Foleni ya Kibaha, malori ya Chalinze, upepo wa madirishani: sikusikia kingine.

Tulipofika Doma, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, gari likatulia, ndipo ikasikika: tiki, tiki, tiki. Sauti kavu, kama kijiko kinagongwa kwenye sufuria.

"Mjomba, unasikia?"

"Nasikia tangu Morogoro, mjomba. Nilidhani ni boksi la zana." (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, kila mmoja ni mjomba wa mwenzake.)

Mbele yetu ilikuwa Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi za lami mbugani. Humo hushuki ukafungua boneti. Nilikwenda mwendo wa pole, jicho kwenye taa ya oili, sikio kwenye injini. Swala walikuwa pande zote mbili za barabara na sikuwatazama. Baba aliitunza injini ile miaka mingi, na nilikuwa naiogopea kama mtu anavyomwogopea mgonjwa njiani.

Mikumi mjini wakatuelekeza kwa fundi mmoja mtu mzima, chini ya mwarobaini nyuma ya maegesho ya malori. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Iache iseme yenyewe, mwanangu."

Alichomoa kijiti cha oili kwanza, akaridhika. Akapitisha kidole kwenye maungio ya manifodi ya eksozi, bomba linalopokea moshi wa injini, kutafuta masizi meusi, maana gasketi ikivuja pale hutoa mlio unaofanana kabisa na wa tapeti, na watu wengi wamefungua injini bure kwa sababu hiyo. Pakavu. Kisha akachomoa waya za plagi moja moja, injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Kama ni beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, alinieleza, ukiiondolea silinda yake moto mlio hupungua au hubadilika. Huu haukubadilika hata kidogo. Tena ulikuwa unagonga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, na huo ndio mwendo wa valvu. Mwisho akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava ya juu, mpini sikioni, akaihamisha taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Akasimama kwenye silinda ya tatu.

"Hapa."

"Lakini tapeti zimepimwa jana," nikasema.

"Fungua, tuone walichopima."

Injini ikazimwa. Nati tatu, kava ikatoka. Mjomba akashika hendeli kuzungusha injini, fundi akawa anahesabu kwa tisa: valvu ya 8 ikiwa imebonyea kabisa unapima ya 1, ikibonyea ya 7 unapima ya 2, jumla lazima iwe 9. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.25, na fila ya 0.25, kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ilipita vizuri kila mahali. Hata kwenye ya 6, ya silinda ya tatu. Kwa kipimo, gereji haikukosea.

Fundi hakuondoka pale. Aliifuta oili kwenye roka ya 6 kwa kona ya kitambaa, akanivuta kichwa niangalie chini ya ncha yake, inapogusa valvu. Palikuwa na kidimbwi, kimeliwa na chuma cha valvu kwa miaka, kina kingo zinazong'aa, upana wake hata punje ya mchele haijai. Fila ni pana, inalala juu ya zile kingo mbili kama ubao juu ya shimo. Kwa hiyo inasoma 0.25, na chini yake kuna nafasi nyingine ambayo haijapimwa. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga.

Akatoa mfukoni fila nyingine ya unene uleule, aliyoisaga pande zote mbili hadi ikawa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Hiyo iliingia ndani ya kidimbwi, ikacheza. Akalegeza nati, akageuza skrubu ya tapeti kidogo mno kwa bisibisi, akaivuta fila mpaka ikawa inakwama kwa mbali, akakaza. Nilisikia raha kumtazama.

Tukawasha. Ulibaki ule mnong'ono wa kawaida wa tapeti za Land Rover, ambao usipousikia ndipo uwe na wasiwasi, maana nafasi ikikosekana valvu haifungi, na valvu isiyofunga huungua.

"Roka hiyo ibadilishwe ukifika," alisema. "Hii nimekupa ya kufika."

Tukapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni jua likishuka, tukauanza mlima wa Kitonga gia ya pili nyuma ya lori la mbolea. Mjomba alishusha kioo, akatoa kichwa nje kwenye kona zote, akisikiliza. Kule juu akakipandisha.

"Mpigie mama yako aweke maji ya ugali."

Roka mpya niliipata Iringa siku ya tatu. Ile ya zamani nimeiweka kwenye boksi la zana la baba, nimeifunga kitambaa.