Klachi upande wa kulia

Siku ya mwisho, saa sita kasorobo usiku, nilifunga kupokea kazi. Ziliingia 23. Tisa kati ya hizo ziliingia ndani ya saa mbili za mwisho, na moja ilichelewa dakika tatu ikiwa na ujumbe: "Mkuu, nihurumie, kompyuta ilizima." Nikaipokea. Sheria niliitunga mwenyewe, nikaivunja mwenyewe, na hata kusahihisha nilikuwa sijaanza.

Hili ni shindano la pili ninaloendesha kwenye kikundi chetu, la kuunda magari ya 3D kwa kompyuta. Mada safari hii ni ndani ya gari la familia la mwaka 1985, gari la kubuni lisilo la kampuni yoyote. Bodi nimewapa mimi, moja kwa wote, usukani upande wa kulia, ili asije mtu akabebwa na uzuri wa taa za mbele. Kazi yao ni kujaza kilichomo: dashibodi, viti, milango, usukani, dari. Kikomo ni pembetatu 150,000, yaani vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huviunganisha kupata umbo. Kila mmoja alete picha tano na faili lenyewe.

Hilo faili ndilo nililojifunza kwa aibu. Shindano la kwanza tulipokea picha tu. Aliyeshinda alikuwa na gari pana kama ukumbi wa harusi, tukalisifia wee. Wiki mbili baadaye nikamwomba faili nijaribu kuendesha. Nikamkalisha mtu wangu wa mfano wa sentimita 175: kichwa kimegonga dari, magoti yamebanwa na usukani. Kumbe kamera yake, ile ya ndani ya programu, ilikuwa na upana wa digrii 110. Upana kama huo husukuma kila kitu mbali. Dashibodi iliyo puani mwako unaiona kama iko ng'ambo ya chumba. Hakudanganya mtu, maana sikuwa nimekataza. Zawadi alibaki nayo na mimi nikabaki na somo.

Kwa hiyo sasa kamera ni yangu. Naiweka pale macho ya dereva yanapokaa, digrii 60, nafungua faili moja baada ya jingine, na kabla ya kuangalia rangi nainamisha kamera chini kwenye pedali.

Ndipo nilipokuta klachi upande wa kulia.

Ni kazi safi, tena sana. Jamaa ameonekana amezoea kutengeneza magari ya usukani wa kushoto, akamaliza lote hivyo, kisha akaligeuza zima kwa mbofyo mmoja, kama unavyoona kitu kwenye kioo. Namba za spidomita alikumbuka kuzirudisha. Maandishi ya redio alikumbuka. Lakini pedali hazigeuki: usukani uwe kulia au kushoto, klachi inabaki kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Na gia ya kwanza haihami pia, iko juu kushoto kokote unakokaa. Kwake ilikuwa juu kulia. Nilikaa nikijiwazia natoka kwenye maegesho na gari hilo, nikacheka peke yangu mpaka nikajionea haya. Nimemkata alama nne. Mwenzangu mmoja, tuko majaji watatu, alitaka tumtoe kabisa. Nilikataa, kwa sababu sijui ni kazi zangu ngapi za zamani zina kosa hilo hilo, na sina hamu ya kuzifungua.

Mambo ya mwaka 1985 nayo yalikuwa na vituko vyake. Mmoja ameweka tundu la USB chini ya redio ya kaseti, wakati USB yenyewe imetoka mwaka 1996. Mwingine ameweka skrini ya kugusa katikati ya dashibodi, nikawa nimeshashika kalamu nyekundu, halafu nikasoma maelezo yake: Buick Riviera ya mwaka 1986 ilitoka na skrini ya kugusa. Kweli kabisa, nilikuwa nimeisahau. Tofauti ya mwaka mmoja kwa gari la kubuni siwezi kumkaba mtu koo. Wa tatu ameweka spidomita moja kubwa katikati, kama Mini ya mwaka 1959, na akaeleza sababu: gari la usukani wa kulia na la kushoto yatumie dashibodi ile ile. Huyo nilitamani aliyegeuza gari kwa mbofyo angekaa naye jioni moja.

Kuna mshiriki ambaye roho imeniuma kwa ajili yake. Ameshona usukani. Namaanisha kila mshono ni kipande chake, unauona uzi unavyozama kwenye ngozi na kutokea upande wa pili. Nilisogeza kamera mpaka uzi mmoja ukajaza skrini, na bado ulikuwa uzi. Kwa ushonaji huo alikula karibu nusu ya pembetatu zake, wakati picha moja ya vivuli iliyobandikwa juu ya umbo laini ingetosha kudanganya jicho. Mwishowe viti vyake havina hata reli za kuviteleza mbele na nyuma. Vimeota tu sakafuni kama uyoga.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Kura za wanakikundi zilipigwa kwa picha, na zimempa ushindi mwenye gari la rangi ya maziwa. Ni zuri, sibishi. Juu ya dashibodi kuna mbao zinazong'aa, na kote ni weupe mtulivu. Kwenye kura hizo hizo, gari fulani la kijivu limeshika nafasi ya 17. Mimi mwenyewe, kwenye duru yangu ya kwanza, nililipa alama nne kwa kumi za mvuto na kuandika pembeni: "linachusha."

Jana nikawasha jua. Yaani nililiweka jua la programu juu, saa sita mchana, nikaacha kioo cha mbele kiakisi mwanga kama kioo halisi. Gari la maziwa likapotea. Ule weupe wote wa juu ya dashibodi ulipanda kwenye kioo, na barabara ikawa kama unaitazama kupitia shuka. Geji hazina kofia ya kuzikinga, kwa hiyo nazo zikaoshwa na mwanga. Nikahamia la kijivu. Juu ya dashibodi ni kijivu cha giza, haking'ai popote, na kofia ya geji imechomoza vidole vinne hivi. Barabara naiona. Mwendo nausoma. Nikazungusha jua nyuma, nikaliweka ubavuni, sikupata pa kulikamata.

Halafu nikaanza kuona vitu ambavyo havikuwemo kwenye picha zake hata moja. Swichi za feni zina maumbo tofauti, ya mviringo na ya kuteleza, ili mkono uzitambue bila macho. Mpini wa kuzungushia kioo haugongi goti. Pale dereva anapoegemeza kiwiko mlangoni, kitambaa kimepauka kidogo. Mlango wa abiria bado mpya. Aliyefanya hivi alikaa mle ndani, sijui saa ngapi, akiendesha kwenda mahali pasipokuwepo. Na picha tano alizotuma zote ni mbaya: giza, zimepinda, moja imekata nusu ya kiti.

Wenzangu wawili nao wamekaa ndani ya la kijivu, wakakubali. Kwa alama za majaji ni la kwanza, kwa kura ni la 17. Sheria yangu, nimeisoma tena, inasema "matokeo yatatokana na kura na majaji," bila kusema kwa kiasi gani. Mtu mzima niliandika hivyo nikaridhika.

Tangazo nimeliandika mara tatu na kulifuta. La mwisho lilikuwa refu kuliko yote, na lilianza kuwahutubia watu kuhusu jua. Nimelifuta na hilo. Kesho asubuhi nitaweka picha mbili tu, la maziwa na la kijivu, kamera moja, saa sita mchana, na kura zifunguliwe upya kwa saa 24. Mwenye gari la maziwa nimemwandikia kwanza, pembeni, asije akakuta mbele ya watu. Ameshasoma. Bado hajajibu.