Kiti chenye matundu manne

Jana binti yangu alikuwa anakikagua kile kiti cha Noah kilichoko barazani, akaingiza kidole kwenye tundu la boliti. "Baba, nani alikitoboa?" Nikamjibu, fundi. Nusu ya ukweli, basi.

Matundu yale ni ya enzi za ile mashine yangu: fremu ya skwea paipu, mota mbili za waipa za Fuso, Arduino moja (kibodi kidogo cha kompyuta cha kuongozea mota), na mchezo wa magari kwenye laptopu. Gari likilala kona, kiti nacho kilale. Kuchomelea kule mtaa wa Gerezani, Dar, kulikwisha siku moja. Kilichonitoa jasho ni namba tatu za kwenye programu, zinazoamua mota zikisukume kiti vipi: Kp, Ki na Kd. Ki niliiacha sifuri. Kp ikiwa ndogo, kiti kinajivuta kama mtu aliyeamshwa daku. Nikiipandisha, kinapitiliza, kinarudi, kinapitiliza tena, mpaka vikombe vinagongana kabatini. Wiki mbili hivyo hivyo. Mama akaanza kuuliza kama kazi bado ninayo.

Jioni moja Mzee akasimama mlangoni na kahawa yake. Miaka 20 na ushee ya daladala za Mbagala, kompyuta hajawahi kuigusa. "Hebu toka hapo."

Akavua kandambili, akakaa. Skrini hakutaka hata kuitazama, akafumba macho. Nikabonyeza. Kiti kikaruka kulia, kikatikisika mara tatu, nne, ndipo kikatulia. Mzee kimya. Akanipungia kiganja: tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekamata gia ambayo haikuwepo. Nikabonyeza tena.

"Springi unayo," akasema, macho bado yamefumbwa. "Shokapu huna."

Mkono wangu ukaganda kwenye kipanya. Kp ndiyo springi: kiti kikiwa mbali na mahali pake, ndivyo inavyozidi kukivuta. Kd ndiyo shokapu, inakishika kisipitilize. Maelezo hayo nilikuwa nimeyasoma kwa Kiingereza labda mara kumi.

Nikaipandisha Kd kidogo kidogo, hakimu akiwa makalio ya Mzee. "Bado. Bado. Aa, umezidisha, sasa inanguruma." Nikashusha. "Hapo. Usiguse."

Namba nikaziandika nyuma ya kalenda. Baadaye mota moja iliungua, fremu ikaenda chuma chakavu, kalenda sijui iliko.

Ila zilikuwa namba za mtu wa kilo 90. Nilipokalia mimi, mwembamba wa enzi zile, kiti kilikuwa kizito kama kimelowa. Usiku, Mzee aliposhalala, nikazibadilisha. Sikumwambia.