Meza ya Tanga 1914: nimebandua nusu, naanza upya

Jumamosi nilishika kisu nikabandua upande wote wa mashariki wa meza yangu. Kadibodi, gundi ya mbao na plasta za wiki tatu zikaishia kwenye ndoo ya taka.

Meza yenyewe ni kipande cha plaiwudi, sentimita 80 kwa 60, na juu yake natengeneza sura ya Tanga kama ilivyokuwa siku za mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya Novemba 1914. Kipimo ni 1:5,000, kwa hiyo sentimita moja ni mita 50. Kwa kipimo hicho jabali la mita 10 linakuwa milimita mbili tu, unene wa kadibodi moja, na jicho halilioni. Vimo vyote nimevizidisha mara tatu. Ni uongo, lakini bila uongo huo ufuo wa Ras Kasone, rasi iliyo mashariki mwa mji, ungekuwa bapa kama sinia.

Kosa langu lilikuwa mashamba. Nilipanda mikonge kwa mistari, safi kabisa, kutoka Ras Kasone mpaka ukingo wa mji. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa mipira, vichaka na miti iliyosongamana, mikonge ikiwa hapa na pale. Askari wa kikosi cha Waingereza kutoka India waliingia humo wakapoteana, kombania hii haimwoni jirani yake. Kwenye meza yangu mtu angeona mpaka stesheni! Sasa nakata sponji ya kuoshea vyombo vipande vidogo, nachovya kwenye rangi ya kijani iliyochanganywa na kahawia, nabandika ovyo. Ovyo ni kazi ngumu kuliko mistari.

Korongo la reli nililiacha, limetoka vizuri. Lilichimbwa ili garimoshi lipite kuingia mjini, na upande wa ulinzi likawa handaki la bure. Njiti za kiberiti ndizo mataruma yangu.

Watu siwezi kuwaonyesha kwa kipimo hiki, kwa hiyo pini moja ni watu 100. Jenerali Aitken wa Waingereza alikuja na watu wapatao 8,000: pini 80 za bluu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hata baada ya vikosi vyake kufika, alikuwa na watu kama 1,000: pini 10 nyekundu. Nilipozichomeka zote nikakaa nazitazama jioni nzima. Meza ilikuwa inasema Waingereza washinde.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba meza haina saa. Nimepigilia misumari midogo pembeni mwa ubao, kila msumari ni muda wa saa tatu, nikapitisha nyuzi mbili za sufu. Uzi wa bluu unaanza asubuhi ya tarehe 2, manowari ya Waingereza, Fox, ilipotokea mbele ya bandari na kuwataka Wajerumani wasalimu amri. Wakakataa. Kisha Waingereza wakapoteza muda wakihofia mabomu ya baharini, ambayo hayakuwapo. Askari wa kwanza walishuka usiku, si bandarini bali Ras Kasone. Alfajiri ya tarehe 3 wakajaribu kuingia mjini, wakarudishwa. Shambulio kubwa halikuanza mpaka mchana wa tarehe 4. Uzi mwekundu ni reli ya Usambara, karibu kilomita 350 kutoka Moshi, na kwa muda wote huo magarimoshi yalikuwa yanashusha askari nje kidogo ya mji. Ukizifuata nyuzi mbili kwa kidole, unaona pini nyekundu zikiongezeka huku za bluu zikiwa bado melini.

Kitu ninachokipenda zaidi sijajua nikiweke vipi. Von Lettow alifika saa tisa usiku kuamkia tarehe 4, akapanda baiskeli, akazunguka mji uliokuwa mtupu hadi akaziona meli zinawaka taa. Akasikitika kwamba mizinga yake haijafika. Aitken hakutuma watu kupeleleza, na tena alikataa msaada wa King's African Rifles, askari wa Waingereza wa Afrika Mashariki, waliokuwa wanaijua nchi hii. Mwenzake anapeleleza mwenyewe, kwa baiskeli. Nimejaribu kuikunja ya waya mwembamba. Imetoka kama miwani.

Shambulio la tarehe 4 likashindwa, na usiku uliofuata mji ulikuwa mtupu tena. Wajerumani walirudi kambini magharibi kwa mkanganyiko wa amri, na Aitken hakujua. Tarehe 5 alipakia watu wake na kuondoka, akiacha bombomu, mamia ya bunduki na risasi 600,000 hivi. Sisi wa Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo. Hawa walikaa siku tatu.

Juzi mzee jirani, fundi seremala aliyenikatia plaiwudi, alipita kukagua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyuki wako wapi?"

Nilijua atauliza. Kila mtu anauliza. Nyuki walikuwapo kweli, risasi ziliwachokoza, wakawavamia askari wa kikosi cha 98 kutoka India, na baadaye zikazuka hadithi kwamba Wajerumani waliwatega. Nikamweleza habari ya nyuzi, garimoshi, siku mbili zilizopotea. Akasikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa, akasema meza ya vita vya Tanga isiyo na nyuki ni meza ya kulia chakula.

Basi leo nimechota ulezi jikoni. Nimebandika punje tano juu ya sponji, upande wa pini za bluu, nikamwita. Akavaa miwani, akainama, akazihesabu.

"Hawa wameumwa na nyuki watano?"

Nimeongeza hadi kumi na mbili. Wiki ijayo naanza stesheni.