Jinsi ninavyokausha maganda ya risasi, na ninavyojua kwamba yamekauka

Hapa Minnesota, Marekani, mimi hujaza upya baruti katika maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa, na kabla ya hapo sharti yaoshwe na yakauke kabisa. Huku, ambako wengi huwinda kulungu mwezi wa Novemba na chumba changu cha chini ya nyumba hakikosi unyevu, ushauri wa kukausha maganda ya risasi yaliyooshwa hutolewa bure, na mwingi wake haufai. Mwindaji mmoja aliniambia nipandishe oveni hadi mwisho ili nimalize mapema. Ganda ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki, nao huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 250 za Selsiasi. Kitako kilicholainika si cha kukitegemea kizuie shinikizo la baruti karibu na uso wako. Mwingine alisisitiza kwamba kusuuza kwa dawa ya vioo huondoa madoa ya maji. Dawa nyingi za aina hiyo zina amonia, ambayo hupasua polepole mchanganyiko huo wa shaba na zinki, jambo lililowahi kuwatesa wanajeshi wa Uingereza nchini India, risasi zao zilipohifadhiwa katika mazizi ya farasi.

Ushauri nilioujaribu ni wa foronya. Niliyafungia maganda ndani ya foronya kuukuu, nikaitia katika mashine ya kukaushia nguo. Mke wangu aliteremka ngazi akiuliza ni kitu gani kimekatika, na kabla sijamjibu fundo likafunguka, maganda yote yakawa yanarukaruka ndani ya pipa kama mahindi ya bisi. Tulipofungua mlango, midomo kadhaa ilikuwa imebonyea, ilhali ndani ya matundu ya fataki, yaani vitundu vya kitakoni vinavyokaa kiwashio cha baruti, maji yangalipo. Mama watoto alitangaza papo hapo kwamba mashine ile ni ya nguo tu, na tangazo hilo halijatenguliwa.

Sasa nasuuza kwa maji ya moto sana, kwa kuwa ganda lenye joto hujikausha lenyewe, kisha nayaviringisha maganda ndani ya taulo, nikiinua ncha moja baada ya nyingine. Baadaye huingia katika mashine ya kukaushia matunda, niliyoinunua kwenye duka la mitumba kwa dola 20 hivi, ambayo haitagusa embe tena kwa sababu ya mabaki ya madini ya risasi.

Lakini ujanja ninaojivunia ni mizani. Macho hayaoni maji yaliyojificha; mizani ya baruti husoma hadi sehemu ya kumi ya greni, na ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo hata tone dogo haliwezi kuikwepa. Natia alama maganda machache, nayapima, nayarudisha kwenye joto, kisha baada ya saa moja nayapima tena yakiwa yamepoa. Uzito usipopungua zaidi, ndipo ninapoleta baruti. Ya kupima huwa nachagua ya .223, aina ya risasi ya bunduki ndefu, kwa kuwa shingo zake nyembamba huchelewa kutoa mvuke, na yakiwa tayari, yale ya bastola ya milimita 9 huwa yalikwisha kukauka kitambo.