Usiku Swichi Nane Zilipodai Zimezaliwa Upya

Saa nane na dakika tisa, usiku wa kuamkia Jumamosi, simu ilitetemeka kando ya kitanda: swichi ya kwanza, kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao, imewashwa upya. Kabla sijapata miwani, ikaingia ya pili. Kufikia saa nane na dakika arobaini nilikuwa na jumbe nane za swichi nane. Nikampigia mlinzi.

"Shikamoo, mzee. Umeme umekatika huko?"

"Marahaba, mwanangu. Taa hazijapepesa hata mara moja. Kwani wewe hulali?"

Nikaenda hivyo hivyo. Mbele ya raki, kabati la vifaa vya mtandao, kila kitu kilikuwa shwari hadi nikaona aibu. UPS, kifaa cha umeme wa akiba, haikuwa imegusa betri usiku kucha. Pingi, ule ujumbe mfupi wa kuuliza kifaa kama kipo, haikupotea hata moja. Kaunta za baiti, yaani za data inayopita kwenye milango ya swichi, ambazo huanza sifuri kifaa kikizimwa, zilikuwa zinapanda tu. Kilichorudi sifuri ni kitu kimoja: hesabu ya muda tangu kifaa kiamke.

Mtandao ule ulikuwa na kila ukoo: swichi, printa, kamera, UPS, vyote vikijibu kila dakika maswali ya SNMP, lugha ya kuulizia vifaa hali zao. Kanuni ya kutoa tahadhari niliiandika mwenyewe, na niliringa nayo: muda wa sasa ukiwa mdogo kuliko wa dakika iliyopita, kifaa kimezimwa kikawashwa. Nani angebisha?

Kilichonisumbua ni waliokaa kimya. Printa hazikuwa hata kwenye UPS. Umeme ungeleta uchokozi, zingekuwa za kwanza kulia. Kamera kimya. Swichi ya tisa, iliyofungwa raki moja na zile nane, kimya pia.

Nikatoa daftari la siku tulipofunga mtandao. Ijumaa, saa tano na dakika arobaini usiku, swichi ya kwanza; chini yake nyingine, kila moja na dakika zake. Nikaweka simu kando ya ukurasa. Jumbe zilikuwa zimefuata mpangilio ule ule niliozichomekea umeme, moja baada ya nyingine, kama wanafunzi wanaoitwa majina.

Basi nikakaa sakafuni na kalamu. Hesabu ile ya muda huenda kwa sehemu za mia za sekunde, na huhifadhiwa kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Ikifika 4,294,967,295 imejaa, inaanza sifuri. Nikagawanya: siku 497, saa 2 na dakika 27. Siku 497 ni wiki 71 kamili, ndiyo maana ilikuwa Ijumaa tena, usiku ukiwa umesogea kidogo tu. Dakika mbili zilizozidi ni zile swichi inazotumia kuamka. Ile ya tisa niliizima mwenyewe mwezi mmoja baada ya kuifunga, kubadilisha waya wake. Zamu yake ilikuwa bado. Printa huzimwa na kuwashwa mara kwa mara, haziwezi kuzeeka kiasi hicho.

Mlango ukafunguka. Mzee, tochi mkononi, rungu kwapani.

"Umemkamata?"

"Nani, mzee?"

"Huyo anayezizima."

Nikamwonyesha daftari, saa na tarehe, nikaeleza kwamba yote yalianzia pale. Akamulika ukurasa, akausoma taratibu, kisha akanimulika mimi.

"Lakini huu si mwandiko wako?"