Marigoldi ndefu na uzi mwekundu

Marigoldi ninazozitaka bustanini mwangu ni zile ndefu, zinazofika kiunoni na, zikipata udongo mzuri, zinafika kifuani. Zile fupi zinazouzwa kwenye viriba kando ya barabara zina uzuri wake, lakini zimezalishwa ili zichanue mapema, zingali ndani ya kiriba. Ndefu huikuti imechanua kwa muuza miche. Ukiitaka, usie mbegu mwenyewe na ungoje.

Nimetoka bustanini sasa hivi, vidole vyote vinanuka majani yake. Ile harufu kali haiondoki kwa sabuni mara moja, nami sina haraka ya kuiondoa.

Naishi upande wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, ambako udongo ni wa volkano na mbegu za maua ni kazi ya watu. Wapo wakulima Arusha wanaolima maua kwa mkataba ili wavune mbegu tu, zisafirishwe Ulaya. Mimi navuna za kujaza bahasha chache za kaki, na zinanitosha.

Mbegu ya marigoldi huwezi kuichanganya na nyingine: kijiti cheusi chembamba chenye mkia wa rangi ya majani makavu. Naisia kwenye trei yenye mboji iliyochekechwa na mchanga kidogo, naifunika kwa udongo mwembamba, na kwa joto la huku huchomoza ndani ya wiki. Siku zinazofuata ndizo za kuangalia kwa makini. Udongo ukikaa na maji, ugonjwa wa kinyausi huingia na mche uliokuwa umesimama jana unalala leo, shina limenyong'onyea pale pale juu ya udongo. Kwa hiyo namwagilia asubuhi tu, na trei inakaa penye hewa. Konokono nao huja usiku, na wanaupenda mche wa marigoldi kuliko mboga. Nawaokota kwa tochi.

Nikihamisha miche naizika shina hadi karibu na majani ya kwanza, kama nyanya, kwa sababu sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi mipya. Mmea mrefu unahitaji nanga hiyo. Nafasi ni sentimita 45 kati ya mche na mche. Samadi naweka iliyooza kabisa, tena kwa kiasi, maana mbolea ikizidi unapata majani mengi ya kijani na maua machache.

Kuna jambo nililolielewa polepole kuhusu urefu. Marigoldi hii asili yake ni Meksiko, na ni mmea unaosikiliza urefu wa siku: mchana ukiwa mfupi, inaharakisha kuchanua. Ulaya, mchana wa kiangazi ni mrefu sana, ndiyo maana hukua kwanza majani na shina kwa muda. Sisi tulio karibu na Ikweta mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, basi mmea unapata ishara ya kuchanua ungali mdogo. Ndiyo sababu mbegu iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba inafika sentimita 90 inaweza kuishia pungufu huku. Kinachosaidia ni kutouchelewesha mche kwenye trei, kuupa maji bila kukatiza na kuondoa chipukizi za chini ili nguvu iende kwenye shina kuu. Hata hivyo msaada mkubwa kuliko yote ni kuchagua mbegu, msimu hadi msimu, kutoka kwa mimea iliyorefuka hapa hapa.

Shangazi alipokuja kutoka Moshi alisimama getini akavuta pumzi.

"Mwanangu, umepanda bangi mwitu mbele ya nyumba?"

"Hapana, shangazi. Ni ndugu yake."

Na kweli ni ndugu, mimea ya jenasi moja. Ile bangi mwitu inayotusumbua mashambani, na ambayo shangazi huitandika kwenye viota vya kuku kufukuza utitiri, ilitoka Amerika ya Kusini. Alikata tawi la maua yangu akaondoka nalo, nikafurahi.

Nikichagua mbegu humfikiria mama mmoja wa Sully, Iowa, huko Marekani, aliyeitwa Alice Vonk. Mwaka 1954 kampuni ya mbegu ya Burpee ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayewapelekea mbegu ya marigoldi nyeupe. Zawadi hiyo ilitolewa mwaka 1975, kwake yeye, mtu wa bustani ya nyumbani. Alichofanya ni kutunza kila mwaka mbegu za maua yaliyokaribia weupe na kuzisia tena. Mimi sitafuti rangi, nataka chungwa lile lile la kuiva. Lakini njia ni hiyo hiyo, na mtu yeyote mwenye kipande cha ardhi anaweza kuifuata.

Mimea ninayotaka izae mbegu naifunga uzi mwekundu shinani mapema, kabla macho hayajavutwa na ua kubwa. Mmea uliodumaa naung'oa kabla haujachanua, kwa kuwa nyuki hawachagui. Maua yaliyojaa petali tupu huzaa mbegu chache, kwani petali zile hazina chavua yake. Basi naacha karibu yake mimea kadhaa mirefu ambayo maua yake yana kitovu cha wazi. Kichwa nakivuna kikononi kikiwa kikavu na cha kahawia. Kikiwa bado na ukijani, ukungu utakula mbegu ndani ya bahasha. Na mbegu ya chotara ya dukani siitunzi, kwa sababu watoto wake hawafanani naye.

Msimu huu nyuzi zimebaki kwenye mimea miwili. Mmoja umenipita mabega, lakini upepo wa mwisho wa masika uliuinamisha na sasa unaegemea mti niliouchomekea. Wa pili unaishia kifuani, shina lake nene kuliko kidole gumba, na umesimama wenyewe tangu mwanzo. Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa ule mrefu zaidi. Leo nimeufungua uzi wake. Bahasha ya vuli itakuwa na mbegu za huu wa pili peke yake, na nimeshaandika mwaka juu yake.