Miti Mingi Si Msitu

Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 ya Kenya, lakini misitu ni asilimia 8.83 tu. Tafadhali tusizichanganye. Msitu huanzia nusu hekta, matawi yakifunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Mikaratusi michache mpakani mwa shamba huko Bomet imo kwenye hesabu ya kwanza pekee.

Kuna uharibifu unaochelewa kuonekana. Huko kwenye msitu wa Mau, Mto Njoro unakoanzia safari ya kwenda Ziwa Nakuru, miti minene ikitolewa mmoja mmoja, picha ya angani hubaki kijani. Ingia ndani utazame chini: jua limefika, majani yaliyooza yamekauka, udongo umekuwa mgumu kwa kwato za ng'ombe. Hapo miche haioti.

Katika msitu wa Kakamega, sehemu zilizofyekwa huvamiwa na mipera, kwani ndege na nyani hutawanya mbegu. Ukikata tu, kisiki huchipua tena, bora kung'oa.

Ukipanda miti ya asili, ngoja mvua ishike. Chimba shimo la sentimita 45, rudisha udongo wa juu kwanza, chana nailoni yote iliyobeba mche. Mizizi iliyojikunja chini ikate, la sivyo mti utadumaa. Palilia, na mifugo isikanyage hapo.